Mikono Juu Kituo cha Tatu

Jumamosi, 4 Machi

Mwanangu wa kwanza,

Barua hii isome ukiwa peke yako. Mdogo wako akiwa chumbani na akiuliza ni nini, sema ni mambo ya wanawake, ataondoka mwenyewe.

Ningepiga simu, lakini nyie simu yenu mnaiweka sauti mpaka jirani anaitikia, na mimi nikishaanza kusema siwezi kunong'ona. Niko kwenye meza ya pasi. Mwenye duka ameenda kula, nina kama nusu saa. Mwandiko usiucheke. Darasa la nne ndilo lililonitoa.

Kitindamimba alikuja Jumatano na begi lake la nguo chafu, kama kawaida yake, eti mashine za huko kwenu hazitoi udongo wa uwanjani. Nikamwambia, "Mashine haina tatizo, tatizo ni wewe kutaka kudekezwa." Akasema, "Mama, nisipokuletea nguo utajuaje kama niko hai?" Akala, akalala, akacheka na watu mtaani, jana asubuhi akarudi kazini. Nguo nikasema zitamfuata.

Sasa sikiliza. Kazi yangu unaijua. Miaka ishirini na sita nageuza mifuko kabla nguo haijagusa maji. Nimetoa humo funguo, meno ya bandia, barua za mapenzi za watu na ndoa zao. Sijawahi kuloweka mfuko wenye kitu. Jana nililoweka. Nilijiambia, nguo za mwanangu hizi, ana nini huyu cha kuweka mfukoni? Nilipozitoa majini, ile suruali nyeupe ya mchezo, yenye uzi wangu mwekundu kiunoni, ilikuwa na karatasi kwenye mfuko wa nyuma.

Nimeikausha kwa pasi ya moto mdogo, chini ya kitambaa. Juu, penye jina, pamekuwa uji. Chini pamebaki. Ni ya hospitali, ina muhuri. Nimeisoma mara tano kwa kidole. Inasema moyo umeonekana una hitilafu. Inasema asikimbie, asinyanyue vitu vizito, arudi kupimwa baada ya wiki mbili. Imeandikwa tarehe ishirini na moja ya mwezi uliopita. Wiki mbili zinaisha Jumanne.

Baba yenu alikuwa na karatasi kama hii. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, sijui kama unakumbuka. Niliikuta kwenye koti lake siku ya tatu baada ya kumzika, imekunjwa mara nne. Miezi minne alikuwa ananikatalia nisilifue lile koti, na mimi dobi mzima sikujiuliza kwa nini.

Usimwambie mdogo wako kwamba najua. Ukimkataza kitu yule umemwonyesha njia. Na kocha usimwambie, wakimtoa kwenye timu kwa mdomo wangu hatanisamehe, hasa sasa ambapo wale watu wa timu kubwa wanakuja kumtazama. Lakini wewe ndiye unayesimama pale uwanjani ukiwaambia nani akimbie na nani asikimbie, uliniambia mwenyewe. Basi msimamishe.

Mimi mama yako.

Karatasi nimeificha kwenye kopo la vifungo.


Jumatano, 8 Machi

Mama,

Barua yako nimeisomea stoo ya kiwanda, nyuma ya marobota ya karatasi. Nimeipata Jumatatu.

Nimemwangalia mdogo wangu tangu siku hiyo. Anapanda ngazi mbili mbili mpaka ghorofa ya tatu akiwa na dumu la maji, na juu kule anapiga mluzi. Jana, Jumanne, nilingoja nione kama ataomba ruhusa kwenda hospitali. Hakuomba. Alishinda kwenye mashine ya kukunja maboksi mpaka kengele, kisha akaenda mazoezini. Nilimuuliza kama kifua kinamsumbua. Akasema kinachomsumbua ni maswali.

Kuhusu kazi yangu kwenye besiboli, haiko vile unavyofikiri. Mchezaji akiupiga mpira kwa gongo anakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu anaingia pale alipoanzia, na hapo ndipo tunapata pointi. Si lazima amalize kwa mara moja. Anaweza kusimama kwenye kituo angoje mwenzake apige. Mimi nasimama kando ya kituo cha tatu. Anayekuja kwangu mpira uko nyuma yake, hauoni, kwa hiyo ananitazama mimi. Nikizungusha mkono, anaendelea. Nikiinua mikono yote miwili, anasimama. Ila mpaka anifikie ameshakimbia mbio nyingi. Nikimsimamisha pale nitakuwa nimemwokolea hatua ishirini tu.

Ningependa nimuulize waziwazi. Mechi ya kukata na shoka na watu wa kiwanda cha chupa ni Jumamosi tarehe 18. Naomba unijibu kabla ya hapo.

Mwanao.


Jumapili, 12 Machi

Mwanangu,

Hatua ishirini unaziita chache? Baba yenu aliamka, akanywa chai, akasema anakwenda kufunga geti linalogongagonga. Kutoka mlangoni mpaka pale alipoanguka nilikuja kuzihesabu baadaye. Tisa.

Usimuulize. Ukimuuliza atasema hana kitu, halafu siku hiyo atakimbia mara mbili ili akuonyeshe hana kitu. Mficha maradhi haumbuliwi na maswali, wahenga walishasema anaumbuliwa na nini, sitaki kuliandika neno hilo.

Kumbuka ulivyokuwa unamvusha barabara kwenda shule, mimi niko kazini tangu alfajiri. Nilikufundisha, ukiona gari inua mikono yote miwili, atasimama. Siku ile ya lori la mchanga alikuwa ameshaweka mguu mmoja barabarani, ukainua mikono, akabaki amesimama kama mlingoti, mguu wa pili juu. Watu walicheka, mimi nilipohadithiwa nilikaa chini. Hajawahi kuupita mkono wako.

Wewe mwenyewe siku goti lako lilipovunjika uwanjani ulilia kwa sababu hutacheza tena, na mimi nililia kwa sababu nilifurahi. Nisamehe, nakwambia leo. Nilisema angalau mmoja amekaa.

Niapie kwamba utamsimamisha. Niapie kwa barua, si kwa simu, niishike.

Mama yako.

Soksi zako nimezifuma visigino upya, ziko ndani ya kifurushi.


Jumatano, 15 Machi

Mama,

Naapa.

Mwanao.


Jumapili, 19 Machi

Mama,

Tumefungwa nne kwa tatu.

Nakuandikia ilivyokuwa, kwa sababu mdogo wangu atakueleza kwa namna yake.

Alifika kituo cha tatu mara tatu. Mara ya kwanza, zamu ya pili, mwenzake aliupiga mpira juu sana na ukadakwa mbali, karibu na ukuta. Ukidakwa, mpigaji anatoka, lakini aliyeko kituoni anaruhusiwa kuondoka. Mdakaji wao wa mbali ana mkono dhaifu, kila mtu anajua. Niliinua mikono. Mdogo wangu akabaki. Aliyefuata akatolewa, zamu ikaisha.

Mara ya pili, zamu ya tano, alitoka kituo cha pili mpira ukiwa bado unadunda nyasini. Alikuja kama kafyatuliwa. Niliinua mikono akiwa hatua nne kutoka kwangu, akajikokota kwa visigino, vumbi likanijaa mdomoni. Aliniambia, "Dada, hata wewe ungeingia, na goti lako hilo." Wawili waliofuata hawakugusa mpira.

Hapo kwenye majukwaa walikuwa wameshanipa jina. Taa Nyekundu. Kulikuwa na mama mmoja mwenye sauti ya kipaza. "Taa Nyekundu! Tutakuletea filimbi, ukaongoze magari!" Kocha alinitazama kutoka kwenye benchi, akavua kofia, akaivaa tena.

Zamu ya saba nilitaka kufidia. Babu Glovu alikuwa kituo cha kwanza. Huyu ndiye mdakaji wetu, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Kiwandani ni fundi wa mashine. Ana miaka arobaini na mbili, kwenye timu huyo ni babu, na hana mbio. Mwenzake akaupiga mpira ukapita katikati ya watu wawili. Babu akaja, akapita cha pili, akanitazama, na uso wake ulikuwa unauliza kama nina akili. Nikazungusha mkono. Nikauzungusha mpaka bega likauma. Akaingia kwa kujirusha kifudifudi. Hiyo ndiyo pointi yetu ya tatu. Watu walimbeba. Alikaa kwenye benchi na taulo usoni muda mrefu, hata maji hakutaka, tukamtania kwamba anasali.

Mara ya tatu ni zamu ya tisa, ya mwisho. Wao nne, sisi tatu. Mdogo wangu kituo cha tatu, mwingine cha pili. Mpira ulimponyoka mdakaji wao ukaenda nyuma hatua saba au nane. Kila mtu alisimama. Mdogo wangu hakutazama mpira, alinitazama mimi. Niliinua mikono.

Wawili waliofuata walitolewa. Mchezo ukaisha. Kocha anahesabu wachezaji waliobaki vituoni bila kuingia. Safari hii walikuwa kumi na mmoja. Wale watu wawili wa timu kubwa, wenye madaftari, walifunga madaftari yao wakaondoka kabla hatujapeana mikono na wenzetu.

Mdogo wangu ni mzima. Hakuhema hata kidogo.

Jana jioni alihamisha godoro lake akaenda kwa wenzake chumba cha chini. Na mimi nimehamia bweni la wanawake, chumba kile peke yangu kilikuwa kikubwa mno.

Mwanao.


Jumatatu, 20 Machi

Mama yangu mpenzi, malkia wa sabuni,

Najua dada ameshakuandikia. Sasa sikia na upande wa mshtakiwa, maana mimi ndiye niliyehukumiwa kusimama.

Mara tatu, mama! Mara moja ningesema ameona kitu nisichokiona. Mara mbili ningesema jua lilimpiga machoni. Ya tatu ile, mdakaji wao alikuwa anautafuta mpira kama mtu aliyeangusha sindano gizani. Ningeingia kwa kutembea. Ningeingia huku nakula mkate. Na mimi mjinga namtazama dada, dada kainua mikono, nami nimeganda. Wenzangu wananiuliza, "Kwa nini hukukimbia tu?" Nawaambia sijui. Miguu haikuuliza ushauri wangu.

Nilimfuata baada ya mechi. Nikamwambia, "Nipe sababu moja tu." Akasema, "Niliona hivyo." Nikasema, "Uliona nini?" Akasema, "Niliona hivyo." Mama, yule mtu akiamua kuwa ukuta, hata mjusi hapandi. Basi nikasema neno baya. Nilimwambia ananionea wivu kwa sababu yeye goti lake lilimtoa uwanjani na sasa anataka tukae wote. Alianza kukunja nguo zake.

Sijutii. Ninajuta kidogo. Usimwambie.

Nikirudi kwenye mambo ya maana: nguo zangu zitafika lini? Kwenye begi kulikuwa na suruali tatu za mchezo. Zile mbili ni za matope yangu mwenyewe. Ile ya tatu, yenye doa la grisi kwenye paja, ni yangu pia lakini matope si yangu. Mwishoni mwa mwezi uliopita nilimwazima Babu Glovu, yake ilichanika mazoezini akituonyesha jinsi ya kuteleza, mzee anajifanya kijana. Aliivaa siku mbili tatu akanirudishia na tope lake lote, eti "mama yako ni dobi, mimi wangu ameshapumzika." Kwa hiyo lile la grisi ukishindwa kulitoa, lawama ni zake.

Mwanao asiyekimbia,
Kitindamimba.


Ijumaa, 24 Machi

Mwanangu,

Jana kwenye simu nilisema tu, "Mwendee Babu Glovu, karatasi ni yake," halafu nikakata. Sasa nimekaa nakuandikia yaliyobaki, ingawa wewe utakuwa umeshafika kwake.

Barua ya mdogo wako ilinikuta nimeishika ileile suruali, nasugua lile doa la grisi kwa mswaki. Nilisoma nikiwa nimesimama. Nikaisoma tena. Nikaitazama suruali. Uzi mwekundu uko palepale, niliutia mwenyewe, na mimi kwa huo uzi nimemjua mwanangu miaka yote. Sikujua kuwa nguo inaweza kutoka nyumbani ikarudi na ugonjwa wa mtu mwingine mfukoni.

Grisi niliiona siku ya kwanza. Ndilo linaloniuma. Mdogo wako anakunja maboksi, grisi ataipata wapi? Dobi mwanagenzi angeuliza, hii nguo imevaliwa na nani? Doa ndilo linalosema, sisi tunafundishana hivyo, doa halijui uongo. Mimi nililiruka doa nikaenda kwenye karatasi, kwa sababu karatasi ilisema kile nilichokuwa nakiogopa siku zote.

Na wewe ukamzungusha yule mtu vituo vitatu kwa mkono wako. Kwa ajili yangu. Mungu wangu. Niandikie upesi kama yu hai.

Mama yako.


Jumanne, 28 Machi

Mama,

Yu hai.

Nilimkuta chini ya mashine ya kukata, miguu tu ndiyo ilikuwa nje. Nilichuchumaa nikamwambia karatasi yake iko kwa mama yangu. Spana ikaacha kugonga. Akasema, "Nilijua ilikwenda na maji. Nikaona ni heri."

Akatoka, akajifuta mikono. Nikamweleza yote, tangu kopo la vifungo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Ngoja nielewe. Kijana mzima ulimsimamisha mara tatu. Mimi mbovu ukanizungusha uwanja mzima."

Nikasema, "Ndiyo."

Akasema, "Basi wale wa chupa hawakutufunga. Tulijifunga." Alicheka mpaka akashika ukingo wa mashine, na mimi nikamwambia aache kucheka. Akasema hata kucheka sasa kunataka kibali?

Alikiri kwamba siku ya mechi, pale alipokaa na taulo usoni, hakuwa anaona. Macho yalirudi zamu yetu ya kupiga ilipokuwa inaisha. Kisha akavaa glovu akaendelea. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema angemwambia nani, na baada ya kusema angekuwa nani. Mafundi wa mashine wako wengi, alisema. Babu Glovu ni mmoja.

Nilikwenda naye hospitali Ijumaa. Wamemlaza siku mbili, wamempa dawa, kucheza basi. Kazi za kunyanyua pia basi. Ameniomba nisiseme kitu kwa mtu yeyote mpaka yeye mwenyewe amwambie mkewe kwanza, ambaye kasafiri kwa dada yake na atarudi wiki ijayo, halafu timu. Nimekubali.

Jumapili kamati ya timu ilikaa. Wameniondoa kituo cha tatu. Kocha aliniuliza kama nina la kusema. Nilisema sina. Mdogo wangu alikuwepo, amekaa karibu na mlango, alikuwa anavuta uzi kwenye kofia yake. Nilipopita hakuinua macho.

Mwanao.


Ijumaa, 31 Machi

Kitindamimba,

Nguo zako hazijaja kwa sababu sijazimaliza, na sijazimaliza kwa sababu nilikuwa nakusanya ujasiri.

Aliyekusimamisha si dada yako. Ni mimi. Nilimwapisha kwa barua, na barua ninayo hapa ina neno moja tu. Nilipata hofu juu yako, na mama akipata hofu haombi ushahidi. Hofu yenyewe ilikuwa ya makosa. Jinsi ilivyoanza sikwambii, kwa sababu kipande chake ni cha mtu mwingine na yeye ndiye mwenye kukisema. Ukikisikia utajua. Usiniulize, na dada yako usimuulize, amefunga mdomo si kwa faida yake.

Dada yako alitaka kukuuliza wewe mwenyewe, waziwazi. Alinisihi. Nikamkataza. Kama ningemwacha ungejibu kwa maneno mawili, mngecheka, ungekimbia, labda leo wale wenye madaftari wangekuwa wamekuita. Hilo nimekunyang'anya mimi, na sijui linafuliwaje.

Ulimwambia ana wivu. Aliposikia hivyo angeweza kukwambia, "Muulize mama." Maneno mawili tu. Hakuyasema.

Mimi sijui besiboli. Kwa miaka yote najua tu kwamba mnatoka na nguo nyeupe mnarudi na nguo za kahawia. Lakini najua nani kakosa.

Mama yako.


Jumapili, 9 Aprili

Mama,

Barua yako nimekaa nayo siku nne. Nilikuwa nimeandika majibu mawili, moja la hasira na moja la machozi, nimeyachana yote, hili ni la tatu.

Jana kabla ya mechi Babu Glovu alituita kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, kama mlinzi wa benki. Babu akatuambia habari ya moyo wake. Akaeleza suruali yangu, karatasi, na kwamba kuna mtu aliyetukanwa wiki tatu kwa ajili yake na hakufungua mdomo. Hakumtaja. Hakukuwa na haja. Kisha akampa mdakaji mpya glovu yake. Halafu mrushaji wetu, yule asiye na adabu, akasema, "Kwa hiyo Babu, ile pointi ya tatu uliingia ukiwa nusu marehemu?" Akasema, "Nusu tu. Ndiyo maana nilichelewa." Tukacheka, mkewe hakucheka.

Kocha alimfuata dada akamwomba arudi kituo cha tatu. Dada akasema msimu huu umeshapata mtu wake, asiondolewe mtu bila kosa. Unamjua.

Basi mechi. Zamu ya sita natoka kituo cha pili, naenda cha tatu. Yule mtu mpya anazungusha mkono kama feni. Na mimi, mama, badala ya kumtazama yeye, niligeuza shingo kumtafuta dada jukwaani. Nikamwona. Amekaa kando ya Babu, na mikono yake ameikalia. Yote miwili, chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu.

Nilipoteza hatua mbili hapo. Nimetolewa, mpira ulinikuta mita moja kabla. Tumeshinda sita kwa tano hata hivyo, wengine wana macho ya mbele. Wenye madaftari hawakuja.

Baada ya mechi nilimwendea. Nikasema, "Ningekutazama ungenionyesha nini?" Akasema, "Si kazi yangu tena." Nikasema, "Lile neno la wivu nililisema kwa sababu lilikuwa karibu mdomoni." Akasema, "Najua lilipokuwa." Tukatembea. Nikamwambia, "Dada, hata kama hunionyeshi, mikono usiikalie, inanitia wasiwasi." Hapo akacheka kidogo, kwa pua.

Godoro nimelirudisha chumbani. Na yeye amerudi, jana hiyohiyo, na ndoo yake ya nguo. Anasema ninakoroma zaidi kuliko zamani.

Lile ulilosema hujui linafuliwaje, liache liloweke.

Kitindamimba.


Ijumaa, 14 Aprili

Wanangu wote wawili,

Safari hii barua ni moja, isomeni pamoja, na kwa sauti kama mnavyopenda.

Suruali tatu zimo. Doa la grisi limetoka, imebaki alama kama kivuli, ukiisimamisha kwenye mwanga utaiona. Soksi jozi nne. Na ya Babu Glovu mwenyewe nimeitia humo, ile iliyochanika mazoezini, kijana wa kiwandani kwenu aliyeileta alisema mke wa Babu anauliza kama nitaweza kuiziba. Nimeiziba. Mwambieni akae nayo, si ya kukimbilia.

Karatasi yake nimemrudishia, iko kwenye bahasha yenye jina lake juu. Nimeliandika kwa herufi kubwa.

Mtaona mifuko ya suruali zote nimeishona. Msiifumue. Nimeipitisha uzi mara mbili, kwa mkono, si kwa cherehani. Kitindamimba ataniuliza leso aweke wapi. Leso shika. Funguo mpe dada yako. Na atakayepewa karatasi ya hospitali aje nayo mkononi, watu wamwone nayo tangu barabarani, na mimi nikiwa nimesimama mlangoni nimwone.

Lile koti la baba yenu sikuligawa, mnajua liko nyuma ya mlango. Jana nililishusha, nikageuza mifuko yote, ya nje na ya ndani. Haina kitu. Nimeishona pia.

Mama yenu.